Makohozi si Mate: Tusaidiane Kuchukua Vipimo Nyumbani

Leo tuzungumze juu ya kikopo kidogo. Ni kile kikopo cha plastiki chenye kifuniko, ambacho mgonjwa hupewa zahanati aende nacho nyumbani. Kesho yake anatakiwa kukirudisha kikiwa na makohozi, au choo, au mkojo. Jambo hili huonekana dogo. Lakini ndani ya kikopo hicho kuna habari za uhai wa mtu. Mara nyingine kuna habari za uhai wa nyumba nzima.

Tuanze na mfano. Mfano huu ni wa kutungwa, lakini mambo yake hutokea mara nyingi vijijini.

Babu mmoja anaishi katika kijiji karibu na Tarakea, Wilaya ya Rombo. Ana kihamba chake cha migomba na kahawa. Amekohoa wiki tatu. Usiku hutoka jasho mpaka shuka inalowa. Suruali yake imeanza kumlegea kiunoni. Anakwenda zahanati. Mhudumu ana wagonjwa wengi siku hiyo. Anampa kikopo na kumwambia, "Babu, kesho asubuhi uweke makohozi humu, utuletee. Umeelewa?"

Babu anajibu, "Ndiyo, mwanangu."

Asubuhi kuna baridi kali. Babu anaamka, anakunywa chai, anakula ndizi. Halafu anakumbuka kikopo. Anakusanya mate mdomoni na kutema. Anatema tena na tena mpaka kikopo kinajaa povu jeupe. Anakifunika, anapanda bodaboda, anakipeleka. Baada ya siku chache anapewa jibu: vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana.

Babu anarudi nyumbani kwa furaha. Anaendelea kulala chumba kimoja na wajukuu wawili. Dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Anaendelea kukohoa. Baada ya miezi michache mjukuu mmoja naye anaanza kukohoa, na uzito wake unapungua.

Je, kosa ni la nani? Babu hakukataa kupimwa. Alifanya kama alivyosikia. Mtaalamu wa maabara naye hakudanganya. Alipima kile alicholetewa, yaani mate. Kosa lilikuwa katikati. Maagizo yalitoka kwa mhudumu, lakini hayakufika kwa Babu.

MAKOHOZI NI NINI?

Mate hutengenezwa mdomoni. Ni mepesi kama maji na yana povu. Makohozi hutoka ndani ya kifua, katika mapafu. Ni mazito na huvutika. Yanaweza kuwa meupe, ya njano, ya kijani, au yenye damu. Kamasi zinazotoka puani nazo si makohozi ya kifuani.

Vijidudu vya kifua kikuu hukaa hasa katika mapafu. Kwa hiyo anayevitafuta lazima apate kitu kilichotoka huko. Mkulima wa kahawa analijua jambo hili. Mnunuzi hutaka kuona buni yenyewe. Ukimpelekea maganda, hawezi kukuambia kahawa yako ni ya daraja gani. Mate ni maganda. Makohozi ndiyo buni.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Zahanati na hospitali nyingi hutumia hadubini, yaani chombo kinachoonyesha vitu vidogo sana. Ili mtu avione vijidudu kwa hadubini ya kawaida, vinatakiwa kuwa kati ya 5,000 na 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Mililita tano ni kijiko kimoja cha chai. Siku hizi ipo pia mashine iitwayo GeneXpert. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike tangu mwaka 2010. Mashine hii huona vijidudu hata vikiwa vichache, na hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Inaweza pia kuonyesha kama vijidudu hivyo ni sugu kwa dawa moja kubwa ya kifua kikuu. Lakini mashine nayo haiwezi kuona kitu ambacho hakimo kikoponi.

Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wapo hata panya buku waliofundishwa kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007. Panya hao nao huletewa makohozi katika vikopo. Hadubini, mashine au panya, vyote hutegemea kazi iliyofanywa na mgonjwa asubuhi.

MAELEZO MAZURI NI DAWA

Pengine msomaji atauliza, "Je, kumweleza mtu jinsi ya kukohoa kunaweza kuleta tofauti kubwa?" Ndiyo. Jambo hili limepimwa hapa hapa Tanzania.

Watafiti walikwenda katika Hospitali ya Mwananyamala, Dar es Salaam. Walichukua wagonjwa 200 waliokuwa wamekohoa zaidi ya wiki mbili. Waliwagawa kwa bahati nasibu katika vikundi viwili vya watu 100. Kikundi cha kwanza kilionyeshwa kwanza filamu fupi ya kueleza namna ya kutoa makohozi. Kikundi cha pili kilipewa maelezo ya kawaida tu. Wapimaji wa maabara hawakuambiwa ni kikopo kipi kilitoka kikundi kipi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika kikundi kilichoona filamu, watu 56 kati ya 100 walionekana na vijidudu. Katika kikundi cha maelezo ya kawaida, walionekana 23 tu. Hospitali ilikuwa ile ile, na wote walikuwa na kikohozi cha muda mrefu. Tofauti iliyotengenezwa na watafiti ilikuwa ni maelezo.

Huko Rawalpindi, nchini Pakistan, kazi kama hiyo ilifanywa kwa watu zaidi ya 3,000, na habari zake zilichapishwa mwaka 2007. Wanawake ndio waliofaidika zaidi. Kati ya wanawake waliofundishwa, 13 katika kila 100 walionekana na vijidudu. Kati ya wasiofundishwa walionekana 8 katika kila 100. Kumbe wanawake wengi walikuwa wakipeleka mate, halafu wakirudishwa nyumbani na ugonjwa wao.

TUMETOKA MBALI

Mkoa wetu wa Kilimanjaro una historia ndefu ya kupambana na ugonjwa huu. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoko Wilaya ya Siha, ilianza mwaka 1926 ikiwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo dawa za kuua vijidudu vyake zilikuwa hazijapatikana. Mgonjwa alipewa chakula, mapumziko na hewa safi ya mlimani. Wengine walipona, na wengine hawakupona. Vijidudu vyenyewe vilikuwa vimekwisha kujulikana. Daktari wa Ujerumani, Robert Koch, aliutangazia ulimwengu juu yake tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo maana kila mwaka tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Aliyesaidia sana katika kazi hiyo ni Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi. Mpango ulisimama juu ya mambo yaliyowezekana hata katika nchi maskini: makohozi yapimwe kwa hadubini, na mgonjwa anywe dawa huku akisimamiwa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi nyingine zifuate njia ya namna hiyo. Kwa hiyo dunia ilijifunza kutoka Tanzania. Na msingi wa somo hilo ulikuwa makohozi katika kikopo.

JINSI YA KUTOA MAKOHOZI

Ndugu msomaji, soma hatua hizi polepole. Kama nyumbani kuna mgonjwa, msomee kwa sauti.

1. Jioni, weka kikopo karibu na kitanda, ili usikisahau asubuhi. Usikifungue. Usikioshe. Usibadilishe kikopo kwa chupa ya dawa au kopo la mafuta.

2. Asubuhi, ukiamka tu, usile na usinywe chai. Makohozi ya usiku mzima yamekusanyika kifuani. Huo ndio wakati mzuri.

3. Sukutua mdomo kwa maji safi, uyateme. Kazi yake ni kuondoa mabaki ya chakula. Usitumie dawa ya meno wala dawa ya kusukutua kabla ya kutoa makohozi.

4. Toka nje, mahali penye hewa, mbali na watu. Usikohoe jikoni wala chumbani walimo watoto. Kama kuna baridi, jifunike shuka au koti, lakini toka.

5. Vuta pumzi ndefu mpaka kifua kijae. Izuie kidogo. Itoe polepole. Fanya hivyo mara mbili au tatu.

6. Vuta tena pumzi, halafu kohoa kwa nguvu kutoka ndani kabisa ya kifua. Usikwangue koo tu.

7. Fungua kikopo, kiweke karibu na mdomo, uteme makohozi ndani yake taratibu. Usishike sehemu ya ndani ya kikopo au ya kifuniko.

8. Tazama. Je, ni mazito? Je, yanafika kijiko kimoja cha chai? Kama ni mate tu, au ni machache, pumzika kidogo, halafu rudia hatua ya tano. Usikate tamaa. Wengine hupata baada ya kujaribu mara kadhaa.

9. Funga kifuniko vizuri mpaka kikaze. Hakikisha jina lako limeandikwa ubavuni mwa kikopo. Lisiandikwe juu ya kifuniko. Maabara vifuniko vingi hufunguliwa pamoja, na vinaweza kuchanganyika. Ukipewa jibu la mtu mwingine, ni hatari kwenu wote wawili.

10. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kikopo katika mfuko, kikiwa kimesimama. Kiweke kivulini. Jua kali na joto huharibu vijidudu, na jibu linaweza kupotea.

11. Peleka siku hiyo hiyo, mapema. Ukipanda bodaboda, shika mfuko mkononi. Usiache kikopo juani nje ya duka huku ukifanya mambo mengine. Kama safari imeshindikana, usikae kimya. Mweleze mhudumu wa afya, akupe kikopo kingine.

Jambo jingine muhimu: mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, asikimbilie kununua vidonge dukani. Apimwe kwanza. Mwenye virusi vya UKIMWI asingoje wiki mbili. Aende kupimwa akianza tu kukohoa. Na kumbuka kwamba kupima na kutibu kifua kikuu ni bure katika vituo vya Serikali.

Mtoto mdogo je? Watoto wengi hawajui kutema makohozi. Wao huyameza. Kwa hiyo vijidudu hupita tumboni na kutoka katika choo. Siku hizi wataalamu wanaweza kupima choo cha mtoto kwa mashine ya GeneXpert ili kutafuta kifua kikuu. Mama akiambiwa alete choo cha mtoto anayekohoa, asifikiri kwamba mhudumu amekosea.

KIPIMO CHA CHOO

Hapa tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, choo ni haja kubwa, na choo ni ile nyumba ndogo ya kujisaidia. Mtu akiambiwa "nenda ukalete choo", anaweza kubaki anajiuliza. Heri mhudumu aseme wazi: "Nataka haja yako kubwa, kidogo tu."

Wazee wetu wanakumbuka zamani watu walipeleka choo katika kiberiti kitupu. Kiberiti hakifai. Karatasi yake hunyonya majimaji, na choo hukauka. Tumia kikopo ulichopewa.

Usichukue choo kilichoangukia udongoni au ndani ya shimo. Katika udongo wamo minyoo wadogo wa kawaida ambao hawaishi ndani ya mtu. Mpimaji akiwaona anaweza kuchanganyikiwa. Tandika kitu safi na kikavu, kama karatasi au mfuko safi wa plastiki. Kojoa kwanza pembeni, kwa sababu mkojo huua baadhi ya vijidudu vya tumboni. Halafu jisaidie juu ya kile ulichotandika. Kwa kijiti safi au kijiko cha kikopo, chukua kiasi cha harage kubwa. Kama kuna sehemu yenye damu au ute, chukua hapo. Funga kikopo. Mabaki yatupe chooni. Nawa mikono kwa sabuni.

Kama unahara maji maji, muda ni jambo kubwa. Amiba hutambulika vizuri wakiwa hai, na katika choo cha maji maji wanatakiwa kutazamwa ndani ya nusu saa. Anayekaa mbali hawezi kufika kwa nusu saa. Basi ni vizuri aende na kikopo kitupu, ajisaidie huko huko kituoni.

KIPIMO CHA MKOJO

Mkojo hutafutwa mambo mbalimbali, na maagizo yake hayafanani. Uliza, "Mkojo huu ni wa kutafuta nini?"

Kama ni wa kutafuta vijidudu katika njia ya mkojo, jisafishe kwanza kwa maji safi. Mwanamke ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Anza kukojoa chini. Kisha, bila kukata, weka kikopo upate mkojo wa katikati. Malizia chini. Mkojo wa mwanzo husafisha njia. Wa katikati ndio unaosema kweli. Peleka ndani ya saa moja ukiweza. Mkojo ukikaa katika joto, vijidudu huzaliana. Kijidudu kimoja kinaweza kuwa viwili kwa dakika 20 hivi. Utaonekana mgonjwa kuliko ulivyo.

Kama ni wa kutafuta kichocho cha kibofu, mambo ni kinyume. Hapo mkojo wa alfajiri si mzuri. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Tena mara nyingi huwa katika matone ya mwisho. Kutembea au kukimbia kidogo kabla ya kukojoa husaidia. Kwa hiyo mwanafunzi akiambiwa azunguke uwanja kwanza, si adhabu.

Makohozi huhitajika alfajiri. Mkojo wa kichocho huhitajika mchana. Mkojo wa vijidudu huhitajika ule wa katikati. Ndiyo maana "leta asubuhi" peke yake si maagizo ya kutosha.

KAZI YA MSAIDIZI

Msaidizi ni nani? Ni mhudumu wa afya ya jamii. Ni mke wa mwanao. Ni mjukuu aliye darasa la tano. Ni wewe unayesoma gazeti hili. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake. Kazi hiyo haijaisha.

Msaidizi afuate mambo manne.

Kwanza, aseme kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Wazee wengi wa Rombo huzungumza Kirombo nyumbani. Mtu anaweza kujua Kiswahili cha sokoni na asijue neno makohozi. Mwambie kwa lugha yake.

Pili, aonyeshe. Vuta pumzi mbele yake, umwonyeshe kifua kinavyopanda. Mkohozi wa kweli asiye na maradhi akionyesha, ageuke pembeni na azibe mdomo.

Tatu, asiulize "Umeelewa?" Swali hili halina faida. Mzee atajibu ndiyo kwa heshima. Kijana atajibu ndiyo kwa aibu. Mwenye haraka atajibu ndiyo ili aondoke. Badala yake, mwombe aeleze mwenyewe atakavyofanya.

Nne, aandike. Karatasi ndogo inatosha: saa ya kuamka, kutokula, kutoka nje, kukohoa, kupeleka. Asiyejua kusoma achorewe picha: jua linachomoza, kikombe cha chai kimekatwa mstari, mtu amesimama nje, kikopo.

HOFU NA AIBU

Wako watu wanaojua maagizo yote na bado wanapeleka mate. Kwa nini? Mama mmoja huona aibu kukohoa kwa nguvu na kutema mbele ya wakwe. Mzee mwingine huogopa kwamba makohozi yake yatachukuliwa na mtu mbaya amroge. Mwingine huogopa jibu lenyewe. Anasema moyoni, "Nikiambiwa nina kifua kikuu, nani atakaa nami?"

Watu hawa wasichekwe. Mama apewe nafasi peke yake, nyuma ya nyumba. Mzee aelezwe kwamba maabara huteketeza vikopo baada ya kupima. Na anayeogopa kutengwa aelezwe ukweli juu ya ugonjwa.

Kifua kikuu cha mapafu huambukizwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza karibu na watu. Hakiambukizwi kwa kupeana mikono, wala kwa sahani, wala kwa kata ya mbege. Hatari katika kilabu cha mbege haiko katika kata. Hatari iko katika chumba kidogo kilichofungwa, chenye watu wengi, na mmoja anakohoa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka mmoja. Mgonjwa anayekunywa dawa ipasavyo huacha kuambukiza haraka, mara nyingi baada ya wiki chache. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na watu wengi wanaoyamaliza hupona. Basi wa kuogopwa ni ugonjwa uliofichika. Aliyepimwa na kutibiwa tukae naye, tule naye.

TURUDI KWA BABU

Katika mfano wetu, Babu bado anakohoa. Siku moja mhudumu wa afya ya jamii anapita nyumbani. Anamkuta amekaa kwenye kigoda, amejifunika blanketi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nilishapimwa. Hawakuona kitu."

"Nimesikia, Babu. Je, siku ile ulifanyaje?"

Babu anaeleza: chai, ndizi, mate mpaka kikopo kikajaa. Mhudumu hacheki wala hamkaripii. Anasema, "Pole, Babu. Kosa si lako. Hatukukueleza vizuri." Anasimama mbali kidogo, anavuta pumzi, anamwonyesha. Anamweleza tofauti ya mate na makohozi. Halafu anasema, "Sasa, Babu, mimi nifanye kuwa ndiye mgonjwa. Nifundishe. Kesho nikiamka nifanye nini kwanza?"

Babu anacheka. "Usiguse chai!"

"Halafu?"

"Sukutua. Toka nje. Vuta pumzi, kohoa kutoka huku chini." Anajigusa kifua. "Usiniletee mate, sitaki mate!"

Mke wa mwanawe anasikiliza mlangoni. Yeye ndiye atakayemkumbusha alfajiri, kabla hajawasha jiko.

Kesho yake kikopo kinakwenda na makohozi kijiko kimoja, mazito, ya njano. Jibu linarudi: vijidudu vimeonekana. Si habari njema, lakini ni habari ya kweli, na ya kweli ndiyo inayotibika. Babu anaanza dawa siku hiyo. Anahamia chumba chenye dirisha linalofunguliwa. Wajukuu wote wawili wanapelekwa kupimwa, na yule anayekohoa anaanza matibabu yake. Kama kikopo cha kwanza kingekuwa na makohozi, huenda mtoto huyo asingeugua.

Ndugu msomaji, ukipewa kikopo zahanati, usione aibu kuuliza. Uliza nini kiwekwe, kiasi gani, saa ngapi, kihifadhiwe wapi, kipelekwe lini. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, mkumbushe. Nauli ni ghali, kazi za shamba zinangoja, na ugonjwa haungoji. Kipimo kizuri ni mwanzo wa tiba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya mate na makohozi.

2. Kwa nini mgonjwa asile wala asinywe chai kabla ya kutoa makohozi ya asubuhi?

3. Kwa nini jina liandikwe ubavuni mwa kikopo?

4. Katika kijiji chenu, nani anaweza kuwaeleza wazee maagizo ya zahanati kwa lugha wanayoielewa?

5. Wawili wawili, mmoja awe mhudumu na mwingine awe mgonjwa. Mhudumu atoe maagizo bila kuuliza "Umeelewa?" Wenzenu wasikilize waseme kama maagizo yamefika.